Mgongo wa Mama Leposava

"Nyumba yako inanuka, Tihomir! Umeshindwa, sema umeshindwa!"

"Shughulika na masufuria yako, Radojka! Pua yako haina mlango isioingia!"

"Bora pua yangu kuliko kiburi chako! Mama yako anaugua huko ndani, nasikia ukutani!"

Ghorofa nzima ilifungua milango kusikiliza. Leskovac ni mji mdogo, na ugomvi wa ngazini hauna kiingilio. Tihomir akambamizia jirani yake mlango.

Mama yake, Leposava, alikuwa amelala kitandani. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia, kikamchukua na maneno. Tihomir hakuwa na mke wala ndugu. Alimlisha mama supu polepole, akingoja ameze. Madirisha aliyafunga, maana kila mtu pale anaogopa upepo unaopita chumbani.

Shida ilikuwa kumwogesha. Aliingiza mkono na kitambaa chini ya blanketi, uso ameugeuzia ukutani. Angewezaje kutazama uchi wa mama yake? Mama akiguna, alimimina rakija kiganjani, pombe kali ya matunda, akamsugua mgongo bila kuangalia. Mjini kwao rakija husuguliwa kwa homa, kikohozi na kila maumivu.

Radojka hakuomba ruhusa. Alimwita nesi anayezungukia wagonjwa majumbani. Kesho yake Nesi Verica alifika.

"Mgongo wake umeuona lini?" aliuliza.

"Ni mama yangu, nesi. Nitamtazamaje?"

"Njoo unisaidie kumgeuza."

Walimgeuza. Juu ya mfupa wa chini ya kiuno palikuwa na kidonda kipana kama kiganja, pembeni cheusi. Tihomir akakaa sakafuni.

"Nilikuwa nampaka rakija," alisema. "Kila alipoguna, nilimpaka."

Mama Leposava alimtazama tu. Chozi lilitelemka hadi sikioni.

"Macho ukifumba, aibu inakutoka wewe," alisema Verica. "Yeye anabaki na kidonda. Sikiliza, kaka. Akilala upande mmoja muda mrefu, mfupa unabana nyama, damu haipiti, nyama inakufa. Mgeuze kila baada ya saa mbili, usiku pia. Weka mto katikati ya magoti. Weka mwingine chini ya miguu, visigino visiguse godoro. Shuka lisiwe na mikunjo."

"Na kumsugua?"

"Usimsugue, na rakija kunywa mwenyewe. Ngozi ikiwa nyekundu, ngumu au ya moto kuliko ya pembeni, nipigie siku hiyo hiyo. Kidonda hiki nitakisafisha mimi."

Kisha akamwonyesha namna ya kuogesha. Alifunika mwili wote kwa taulo, akafunua mkono mmoja tu, akauosha, akaukausha, akaufunika. "Mama Leposava, sasa nakuosha mguu," alisema kabla ya kumgusa. Ilipofika sehemu za siri, alimpa kitambaa katika mkono wake mzima. Mama akajiosha mwenyewe, taratibu, chini ya taulo.

Tihomir alilia. Miezi yote hiyo hakuwahi kumuuliza kama anaweza.

Kugeuza kunahitaji watu wawili. Jioni Radojka alibisha hodi, mikono ya gauni ameikunja. "Usinishukuru," alisema. "Shika mabega."

Waligombana juu ya kitanda kile kila siku: dirisha, mito, nani kavuta shuka vibaya. Mama aliwasikiliza, mara nyingine mdomo ukimcheza upande mmoja. Kiangazi kidonda kilianza kufunga. Maneno hayakurudi.

Vuli, mji mzima ukinukia pilipili za kuchoma, kiharusi kikarudi. Alfajiri mama alikuwa ameondoka.

Wanawake wa ghorofa waliingia kumwosha maiti, kama desturi. Tihomir alikaa ngazini. Sasa macho yote yatauona ule mgongo. Wataukuta vipi? Jana alikuwa ameuangalia, lakini moyo haukuamini.

Mlango ulifunguliwa. Radojka alitoka, mikono bado imelowa.

"Sema basi," Tihomir alinong'ona.

Radojka alijifuta mikono kwenye gauni. Akaketi kando yake.

"Kovu tu, Tihomir. Kovu dogo. Kwingine kote ngozi yake ni nzima."

Tihomir aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika. Radojka hakumgusa wala hakuondoka. Kisha Tihomir akajifuta uso, akainuka, akaushika mlango.

"Nimepika maharage," alisema. "Hamjala tangu alfajiri. Ingia ule, dada."