Bolti Mbili za Nyuma

Jumamosi Frida aliamka mapema, kama kawaida, akateka maji kabla bomba halijakauka. Wakati ule, mtaani kwao Area D, maji yalitoka alfajiri tu. Waliopewa kazi ya kuyaleta walikaa mitaa ambayo hayakatiki, kwa hiyo hawakuwa na haraka. Alijaza ndoo, akafagia vumbi, akambandikia baba yake chai.

Siku hiyo kulikuwa na kazi nyingine. Ruthu, binti mdogo wa shangazi yake, alikuwa amekuja kutoka Buigiri kuanza darasa la kwanza, na nguo zake hazikuwa na pa kukaa. Kabati la nyumba hiyo lilikuwa la milango miwili, la vipande vinavyounganishwa kwa bolti. Makabati ya aina hiyo yalikuwa yameanza kuletwa miaka hiyo, madukani kulipojaa vitu vya nje. Baba, Mzee Mazengo, alikuwa amepata kipande cha tatu, cha aina ileile na chenye mlango wake, kwa mtumishi mmoja wa serikali wa mtaa wa Makole aliyehamishwa.

"Hiki hakiegemezwi tu pembeni," alieleza. "Tunatoa nguo zote, tunafungua ubao wa ubavuni, tunaunga kipande kipya, kisha ubao unarudi mwisho. Bolti nne mbele, nne nyuma."

Walikaza zile za mbele pamoja. Mara jirani akaja kumwomba baba amsaidie kusukuma gari lililozimika.

"Kaza za nyuma," baba alimwambia Frida, akampa spana. "Nikirudi tunalisogeza ukutani."

Nyuma ya kabati palikuwa pafinyu. Frida alikaza mbili, vidole vikamuuma. Hilda, mwenzake wa darasa la sita, akachungulia dirishani.

"Wee fundi! Rede inaanza. Au umeolewa na kabati?"

"Nakuja, bwana!"

"Nakuja, nakuja! Tutamchukua Generosa."

Frida alizungusha bolti mbili zilizobaki kwa ncha za vidole tu, akatupa spana, akatoka mbio.

Baba aliporudi alimwita kutoka uwanjani. "Umekaza zote?"

"Nimekaza, baba."

Wakalisogeza kabati ukutani, wakapanga nguo, na Frida akarudi kucheza.

Jioni Ruthu aliburuta kigodoro chake hadi chini ya mlango mpya. "Mimi nitalala hapa, dada. Karibu na gauni langu la shule."

Akauvuta mlango. Kabati likalia, likayumba kumwelekea, kisha likarudi. Ruthu akacheka.

Baba alilishika, akaitazama sakafu. "Hawa waliotujengea nyumba hizi! Saruji waliiuza, wakatuachia mchanga. Sasa sakafu imetitia. Ngoja nikatafute kigingi cha kuweka chini."

Alitoka nje. Frida angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemshuku, na lawama ilikwisha kupata wenyewe. Lakini Ruthu alikuwa amekwisha kulala chali, kichwa kikigusa kabati.

"Ruthu, toka hapo," alisema. "Toka sasa hivi."

Akamfuata baba uani. "Baba, si sakafu. Bolti mbili za nyuma sikuzikaza. Nilikimbilia rede."

Mzee Mazengo alisimama na kigingi chake mkononi. Hakupiga kelele. Alirudi ndani, akaanza kutoa nguo, moja moja, na Frida akazipokea. Walilivuta kabati mbele. Bolti mbili zilikuwa zimeanza kutoka. Frida alizikaza mwenyewe hadi spana ikagoma kuzunguka, kisha baba akapima kila moja. Waliporudisha kabati ukutani na kuuvuta mlango, halikutikisika.

"Nisamehe, baba."

"Nimekusikia." Alikaa kitandani, akajifuta jasho. "Waliojenga nyumba hii wana makosa yao, na sitaacha kuyasema. Lakini hili lilikuwa letu, nami nilikuwa nakwenda kuliziba kwa kigingi kwa sababu ulinidanganya. Ukiniambia bado, mwanangu, nitakungoja, hata mpaka kesho. Ukiniambia tayari, namlaza mtoto chini yake."