Jozi Iliyogawanywa na Meneja

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe tisa Machi, saa tano asubuhi, katika duka la redio lililojaa watu na makelele. Fundi bomba alishika boksi upande huu. Mshonaji, ndani ya gauni la kijani lililomkaa vizuri, akalishika upande ule. Ndani yake mlikuwa na jozi ya mwisho ya spika za bei nafuu, zile zenye amplifaya humohumo: unachomeka umeme, unaunganisha simu, basi.

"Kaka, achia. Nimeliona kwanza."

"Umeona, dada'angu. Mimi nimeshika."

Meneja akaja na tai yake. Wakubwa wa namna hii hupewa tai kabla ya akili. Hakusoma hata maandishi ya boksi, akalichana. "Kila mtu moja. Mmeridhika?"

Wakaridhika. Tai ilikuwa imesema.

Nyumbani, spika ya mshonaji ilinyamaza kama tofali. Hata waya wa umeme haikuwa nao. Alipoirudisha, meneja alimnyooshea kidole bango la "mali ikiuzwa hairudi," akaendelea kunywa chai. Msichana wa kaunta ndiye aliyemnong'oneza namba ya simu ya yule fundi bomba, iliyobaki kwenye nakala ya risiti.

"Haloo, mnyang'anyi?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Gauni la kijani. Spika yangu haisemi."

Fundi akacheka. "Amplifaya iko kwenye yangu, mpenzi. Yako inangoja waya kutoka kwangu."

"Mpenzi tangu lini?"

"Tangu ulivyovuta lile boksi."

Mshonaji akaipeleka kwa fundi. Wakaziweka juu ya stuli mbili, usawa wa masikio, na muziki ukajaa chumba cha fundi chenye harufu ya gundi ya mabomba. Kwa miezi mitano, Jumapili zote zilikuwa zao.

Kisha fundi akapewa usimamizi wa mafundi wenzake kazini, na cheo kikamvimbisha kichwa kama kinavyowavimbisha wote. Siku moja chumbani kwake, mbele ya wasimamizi wenzake, alimnyooshea mshonaji kidevu: "Huyu bila mimi ni kama spika yake. Bubu." Wenzake wakacheka, maana kazi ya wakubwa ni kuchekeana.

Mshonaji akachomoa waya, akaweka spika yake kwapani, akatoka.

Fundi akabaki na nusu ya kila wimbo. Ngoma zipo, gitaa limekwenda. Alivumilia wiki tatu, halafu akabeba spika yake mpaka kwenye cherehani ya mshonaji, wateja wakitazama.

"Baki nayo, mama. Bubu ni mimi."

"Umekuja na waya?"

"Huu hapa. Na nataka kukuoa."

Mshonaji akasogeza vitambaa, akaunganisha spika mbili. Gitaa likarudi, wateja wakaguna kwa raha. Ndipo mshonaji akamtazama fundi machoni.

"Hapa umenyenyekea mbele ya wateja wangu. Kesho, mbele ya wale wakubwa wenzako waliocheka, utasema nini?"