Usiache Mwanya Nyuma ya Jeneza

Mke wangu alinigonga begani mara mbili.

"Baba Flora, mwachie nafasi mwenzio. Tumemkaribia mno."

Mbele yetu ilikuwa pickup iliyobeba jeneza la mzee Kasiani, mwenyekiti wa kijiwe chetu cha bodaboda hapa Masasi. Nilikuwa karibu nayo kiasi cha kuona uzi uliofumuka kwenye suruali ya Alfredi, mwanawe, aliyekaa nyuma amelishika jeneza la baba yake.

Nikamjibu mke wangu, "Agatha, unataka tuzike mwingine?"

Akanishika kiuno.

Dakika haikupita, mbuzi wawili wakakatiza barabara. Taa nyekundu za pickup zikawaka... na mimi sikuwa na hata hatua tatu za kusimamia.

Breki nilishika. Msije mkadhani sikushika.

Ndugu zangu, naitwa Zabroni. Niko wodini, mguu umefungwa vyuma, naandika kwa kidole kimoja. Najua mtanitukana. Nitukaneni tu, lakini someni mpaka mwisho.

Kijiwe chetu tukifiwa, tunasindikiza kwa pikipiki zote. Na tuna mwiko wetu. Gari la watu baki lisiingie katikati ya msafara. Likiingia, msiba unazaa msiba, kabla ya arobaini anaondoka mwingine wa humo humo. Ndiyo maana tunabanana, tairi kwa tairi, kuanzia Masasi mpaka kaburini, iwe Newala, iwe Chidya.

Siku ile tulikuwa tunampeleka mzee kwao Kitangari. Mimi nilipewa nafasi ya kwanza nyuma ya jeneza. Ile ni heshima, haipewi kila mtu.

Barabara iliponyooka, lori la korosho likaanza kutupita. Dereva alitaka kuchomeka kati yangu na pickup. Nikaongeza mafuta, nikaziba. Lori likashindwa, likarudi nyuma ya msafara. Alfredi akaninyooshea dole gumba kule juu, na mimi nikajiona dume kweli kweli.

Ndipo Agatha aliponigonga begani.

Helmeti alivaa. Nasema mapema kwa sababu nawajua watu wa kwenye komenti. Nilimfunga kamba ya kidevuni mimi mwenyewe asubuhi ile.

Nilipopata fahamu alikuwa amelala kando ya lami. Nikaita, "Mama Flora." Nikaita tena. Shamsia, dada anayetuuzia chai kijiweni, alipiga magoti, akamwangalia, kisha akavua khanga yake akamfunika mpaka kichwani.

Kesho yake mama mkwe akaja wodini. Nilitamani kitanda kinimeze.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

Mwanangu. Mimi niliyemuulia mtoto.

"Mama, naomba unisamehe..."

"Nikusamehe nini, Baba Flora? Wameshanieleza. Lile lori liliingia katikati. Wewe ungefanyaje?"

Jamani, lori halikuingia. Nilikuwepo, niliziba mimi mwenyewe. Mwiko tuliufuata mpaka sekunde ya mwisho, hakuna gari la mtu baki lililotugusa, na bado mtu amekufa. Lakini Masasi nzima ilishalala na habari kwamba lori liliingia.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo pananitafuna.

Miaka mitatu iliyopita tulikuwa tunakwenda Lupaso kumzika mjomba wake Agatha. Nilikuwa nimeganda nyuma ya gari la msiba vile vile. Agatha akaanza, Baba Flora mwachie nafasi, Baba Flora naogopa. Nilichoka kusemwa mbele ya wenzangu. Nikamwambia, "Babu yangu alisema gari likiingia katikati ya msafara wa maiti, anakufa mwingine."

Babu yangu hakusema kitu. Babu yangu alikufa hajawahi hata kupanda pikipiki.

Agatha akaogopa kweli. Akamwambia Shamsia. Shamsia akawapa kijiwe kizima pamoja na chai. Mwezi haukuisha, mzee Kasiani akasimama kwenye kikao akatangaza kwamba kuanzia leo hatuachi mwanya. Uongo wangu ukanirudia umeshakuwa sheria, na mimi nikapiga makofi.

Jana nilimwambia mama mkwe yote. "Mama, ule mwiko niliutunga mimi. Nilitaka tu Agatha anyamaze."

Akamgeukia nesi.

"Mwanangu, hizi dawa mnazompa zinamchanganya."

Alfredi naye alikuwa amesimama pale. Akanishika mkono.

"Kaka, usijibebeshe. Tumepoteza watu wawili ndani ya wiki moja. Mtu gani atasema mwiko ni uongo?"

Leo wanamzika Agatha kwao Lupaso.

Asubuhi Flora alikuja kuniaga. Yuko kidato cha pili, mtoto wetu wa pekee. Alikuwa amejifunga khanga ya mama yake.

"Baba, napanda pikipiki na kaka Alfredi. Amepewa nafasi ya kwanza nyuma ya jeneza."

Nilitaka kushuka kitandani. Mguu ukakataa.

"Flora, panda gari na bibi yako."

"Gari limejaa wazee, baba."

"Basi mwambie Alfredi aache mwanya. Mkubwa. Gari lolote likitaka kuingia, liingie."

Akaniangalia kama nimemtukana marehemu.

"Baba, mama amekufa kwa sababu gari liliingia. Unataka tuzike mwingine?"

Maneno yangu yale yale. Kila Agatha alipolalamika nilimjibu hivyo, sijui Flora aliyasikia lini.

Nyie mnaosoma mko kwenye pikipiki, nawapa nilichofundishwa siku ya mafunzo ya leseni, nikacheka. Chagua nguzo ya umeme kando ya barabara. Aliye mbele yako akiipita, anza kuhesabu polepole, moja, mbili, tatu. Ukiifikia kabla ya tatu, uko karibu mno, rudi nyuma. Mvua ikinyesha, hesabu zaidi. Mtu akichomeka mbele yako, mwache apite, achia tena nafasi. Hakuna aliyekufa kwa kupitwa.

Na mkeo akikugonga begani, punguza mwendo. Usimtungie hadithi.

Mochwari iko chini ya dirisha la wodi yetu. Nimempigia Alfredi mara sita, hapokei. Nikasikia honi zinaanza, nesi akaniinua kwa mito nione geti.

Pickup yenye jeneza la mke wangu ikaipita nguzo ya geti. Nikaanza kuhesabu.

Sijamaliza kutamka moja, Flora akapita.