Maswali ya Bi Itakuwaje

Kila jioni, akishavua sare ya shule, Chiriku alikaa chini katikati ya cherehani mbili na kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye mabegi. Cherehani moja ilikuwa ya mama yake, nyingine ya shangazi yake. Mawifi hao walishona pamoja na kucheka pamoja, na hata walipogombana, ugomvi wao ulikwisha kabla chai haijachemka. Shangazi ndiye aliyempa msichana huyo jina la Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

Wiki hiyo, hata hivyo, Chiriku alikuwa kimya. Alikuwa akimchunguza wakili.

Shule moja kubwa ilitaka kuwapa mawifi kazi ya kushona mabegi ya wanafunzi wote, lakini ilitaka kufanya mkataba na kampuni iliyosajiliwa. Mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia. Basi akaitwa wakili wa mambo ya biashara, mwanamke mwembamba mwenye miwani, asiyecheka ovyo.

"Mmoja wenu akitaka kujitoa, itakuwaje?" aliuliza wakili. "Mkishindwa kuelewana, itakuwaje? Na siku mkiifunga kampuni, cherehani zitakwenda kwa nani?"

"Makubwa!" shangazi aliangua kicheko. "Mtoto hajazaliwa, dada, wewe umeshaanza kuulizia kaburi!"

"Mfikirie tu," alijibu wakili. "Nitakuja Alhamisi, mnijibu kisha mtie saini."

Alipotoka tu, shangazi akambandika jina: Bi Itakuwaje.

Chiriku hakucheka. Mtu mwema anaulizaje habari za ugomvi mahali pasipo na ugomvi? Usiku ule alimwona mama akimtazama shangazi kwa muda mrefu, kana kwamba anampima. Asubuhi shangazi alinywa chai bila kutoa mzaha hata mmoja. "Anawachonganisha," Chiriku aliwaza. "Wakishatengana, shangazi atahama, na huyo atajichukulia cherehani zetu."

Alhamisi, mama na shangazi walikwenda mara moja dukani kununua uzi. Mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Itakuwaje, mkoba kwapani.

"Hujambo, binti? Wakubwa wapo?"

"Sijambo. Shikamoo. Hawapo." Chiriku aliuzuia mlango kwa mguu. "Wamesema... wamesema hawataki kampuni tena. Usirudi."

Wakili alimtazama juu ya miwani yake. "Marahaba," alisema taratibu. Akaondoka.

Mawifi waliporudi walingoja mpaka jua likazama. Walipiga simu, haikupokelewa.

"Wifi, huyu mtu si ni wewe uliyemleta?" mama aliuliza.

"Ni mimi. Na wewe ndiye uliyekuwa ukinong'ona kwamba kampuni itatufunga pingu. Usiniambie umemwambia asije!"

"Mimi? Labda wewe umekwenda kujiandikishia kampuni peke yako!"

Shangazi alichukua mkasi wake na utepe wa kupimia, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Chai ilichemka, ikapoa, na hakuna aliyeinywa.

Chiriku alisimama ukumbini. Jambo aliloliogopa lilikuwa limetokea, na si Bi Itakuwaje aliyelileta.

"Mama! Shangazi! Ni mimi!" alilia. "Alikuja. Mimi ndiye niliyemfukuza."

Asubuhi yake walikwenda watatu ofisini kwa wakili, chumba kidogo juu ya duka la viatu. Chiriku alieleza yote akitazama sakafu.

"Kwa hiyo ulinishuku," alisema wakili. "Mbona hukuniuliza?"

"Nilidhani... mtu mbaya hawezi kusema kweli."

"Basi niulize sasa."

"Kwa nini ulitaka mama na shangazi wagombane?"

Wakili alivua miwani. "Nimesaidia kampuni nyingi kuzaliwa. Nazitafutia jina, naziandikisha, nahakikisha kila mbia anaijua hisa yake. Zikikua, nasoma mikataba yao ili wasipunjwe. Nyingine nimezifunga pia, na hapo wafanyakazi na wanaodai hulipwa kwanza, ndipo wenyewe wagawane kilichobaki. Sasa nikwambie: watu wakija kwangu wameshakasirika, hawawezi kugawana hata kigoda. Ndiyo maana nawauliza mapema, wangali wanacheka pamoja."

Mama na shangazi walitazamana. Mama ndiye aliyeanza. "Wifi akitaka kujitoa, apewe haki yake yote, na aondoke bila kinyongo."

"Na tukifunga," alisema shangazi kwa sauti nzito, "kila mtu na cherehani yake. Ila chumba changu sihami, ng'o!"

Wakili aliandika, na kwa mara ya kwanza akacheka. Wakatia saini siku ileile, na kampuni ikaandikishwa kabla mwezi haujaisha. Kazi ya mabegi wakaipata.

Walipokuwa wakishuka ngazi, Chiriku aliuliza, "Mama, ni vibaya kumshuku mtu?"

"Hapana, mwanangu. Hata mimi nilimshuku wifi yangu jana, na wakili hulipwa kwa kushuku yatakayokuja. Ila yeye shaka yake huiweka mezani, mbele ya wote, akaiuliza. Wewe uliificha moyoni, ukailisha uongo, na nusura itubomolee nyumba. Siku nyingine ukiwa na shaka, uliza kwanza."

Akamshika mkono upande mmoja. Shangazi akamshika upande wa pili.