Viatu Vilivyobaki Juu ya Jiwe

Maziwa ya chai yaliisha, na Akoth akafurahi. Mvua ilikuwa inanyesha tangu mchana, njia za Gatongora zimekuwa uji, na kila mwenye akili zake alikuwa amejifungia ndani. Akoth yeye alikuwa anatafuta kisingizio tu cha kutoka. Chini ya kitanda, ndani ya gunia, kulikuwa na viatu.

Viatu vyenyewe, wacha nikwambie, havikuwa vya mchezo. Vya kukimbilia milimani, soli ina meno kama mamba, na juu haviingizi maji hata ukivipitisha kwenye mtaro. Akina mama wa kanisa walikuwa wanapanda mlima Kilimambogo Jumamosi. Safari iliyopita Akoth alipanda na raba za kitambaa, akateleza, akashuka kwa makalio mbele ya pasta. Mbula, jirani yake, alikuwa bado anaigiza ile kuanguka mpaka kwenye foleni ya maji.

Shida ilikuwa moja. Viatu vilikuwa vya shemeji yake, Omondi. Na Omondi alikuwa amekufa.

Omondi aliishi Makongeni, kule Thika, kijana wa kukimbia porini kila wikendi. Siku moja ya mvua alifika mto Chania akavua viatu ili avuke, kwa sababu viatu vya namna hiyo, maji yakiingilia kwenye shingo ya kiatu, hayatoki tena. Akaviweka juu ya jiwe, soksi zimekunjwa ndani vizuri. Viatu vilipatikana. Omondi hakupatikana.

Kwao Siaya, mtu akipotelea majini hawamwachi hivi hivi. Hutafuta tunda la yago, refu, zito kama paja la mtu, wakaliweka kwenye jeneza pamoja na nguo za marehemu na kulizika kama mwili, ili roho yake ijue mahali pa kulala. Mama mkwe alipiga simu akasema, "Akoth nyathina, mwanangu, viatu vyake usisahau. Huyo mtoto wangu hatatulia bila viatu vyake."

Aliyefungasha vitu ni Akoth. Akafungasha viatu, ndiyo. Lakini vikuukuu vya mume wake, Oluoch. Nani angejua? Yago halina vidole.

Basi jioni hiyo akavaa soksi mbili, maana Omondi alikuwa na mguu mkubwa, akatoka. Alikanyaga madimbwi makusudi, huku na huku, kama mtoto. Maji yaliteleza juu ya viatu kama kwenye jani la nduma. Miguu mikavu. Mitamu. Akamwona Mbula kichwani mwake, amenyamaza kwa mara ya kwanza.

Dukani, Gachau mwenye duka aliinama juu ya kaunta kuangalia.

"Ngai! Akoth, hiyo viatu umeibia jeshi?"

"Wivu tu. Nipe maziwa."

"Shika. Na huyo mwenye umekuja naye, hanunui kitu?"

Akoth akageuka. Hakuna mtu.

"Nani?"

"Si kuna mtu alikuwa nyuma yako..." Gachau akainamisha macho. Alikuwa anaangalia sakafu.

Kwenye simiti kulikuwa na alama za meno ya soli, kutoka mlangoni mpaka kwa kaunta. Kando yake, alama zingine. Za miguu mitupu. Kubwa. Zimejaa maji.

Akoth hakungoja chenji.

Njiani alitembea haraka, na ndipo akahisi. Viatu havikuwa vikubwa tena. Vilikuwa vinamkaa sawasawa. Akapiga hatua chache... vikambana. Kama kuna kitu kinajisukuma ndani, polepole, kwenye nafasi iliyokuwa imebaki.

Kidole kikagusa kidole chake.

Akapiga kelele, akainama kufungua kamba. Kamba zilikuwa zimevimba, ngumu kama mzizi. Halafu akasikia baridi. Maji. Si kutoka nje, ya nje yalikuwa bado yanateleza juu ya viatu. Yalipanda kutoka chini ya wayo, yakajaa mpaka kwenye kifundo, na harufu yake ilikuwa ya tope la mto na samaki aliyeoza.

Maji hayo hayakutoka. Vile viatu haviachi maji yapite.

Kisha viatu vikageuka.

Nyumbani kwa Akoth ni kulia. Vilikwenda kushoto, kwenye kijia cha kushuka mto Ruiru. Akashika nguzo ya ua, mikono ikateleza. Akashika nyasi, zikang'oka. Pakiti ya maziwa ikaanguka, ikapasuka. Kwaa... kwaa... kwaa... kila hatua, maji yakilia ndani. Sauti ya mto ikakaribia. Mto ulikuwa umefura.

Vikasimama ukingoni, ncha zikining'inia.

"Shemeji..."

Sauti ilikuwa nyuma ya sikio lake. Hakuthubutu kugeuka.

"Omondi... nisamehe. Mimi ni mjinga."

"Mawe yananikata, shemeji. Nimetembea tangu Thika."

"Chukua! Chukua viatu vyako!"

"Fungua wewe."

Akakaa kwenye tope, akazitafuna zile kamba kwa meno mpaka fizi zikatoa damu. Zikalegea. Akavuta. Maji meusi yakamwagika, mengi kuliko kiatu kinavyoweza kubeba. Akaviweka nyuma yake bila kuangalia. Akasikia kamba zikifungwa, taratibu, na mtu mwenye subira.

"Asante. Sasa niende wapi?"

Hapo ndipo alipoharibu. Angesema nenda ukalale. Angesema kaburi lako liko nyumbani, linakungoja. Lakini mtu aliyeogopa hachagui maneno. Alitaka tu kitu hicho kiondoke mgongoni mwake.

"Nenda kwa mama yako!"

Hatua zikaondoka. Nzito. Zenye meno.

Akoth alirudi nyumbani peku, akasema ameanguka mtaroni. Jumamosi hakupanda mlima. Mbula akacheka, na Akoth akamwacha acheke. Wiki haikuisha. Jioni moja wanakula ugali, yeye na Oluoch, simu ikalia. Mama mkwe. Alikuwa ananong'ona, anacheka na kulia pamoja.

"Akoth nyathina, tulizika tunda bure. Omondi amekuja. Yuko mlangoni."

Akoth akaweka tonge chini. "Mama, usifungue."

"Kwa nini? Anasema ni wewe ulimwambia aje."

Oluoch alikuwa ameacha kutafuna, anamwangalia. Kumzuia mama, lazima aseme kila kitu, hapa, sasa, mbele ya huyu mwanamume ambaye ndugu yake...

"Mama, nisikilize. Ni mimi... vile viatu, ni mimi nili..."

Kwenye simu, komeo likavutwa.

"Karibu, wuoda, mwanangu," mama mkwe akasema. "Karibu ndani."

Kisha maji. Yalimwagika kwa muda mrefu sana, kama mtu amefungua mto ndani ya nyumba. Sauti ya mama haikusikika tena.

"Ni mama?" Oluoch akauliza, akinyoosha mkono apewe simu. "Anasemaje?"