Wiki Iliyoanzia Ijumaa

Lifti ya jumba la vitambaa ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne wakati wateja wamefurika. Ndani yake walibanana wanawake wanne, mzee mmoja mwenye kikohozi, na jora la kitambaa cha mapazia lililosimama wima katikati yao kama abiria mwingine. Mwenye jora alikuwa dada mmoja mrefu, gauni la kijani, viatu vya raba, nywele zimefungwa kwa utepe uliokatwa kwenye mabaki ya kazi. Wenzake walipiga mlango na kulaumu serikali, mwenye jumba na hata wao kwa wao. Yeye aliegemea jora lake akaliwazia basi la kurudi kwao.

Mlango ulipovutwa hatimaye, kilichoonekana mbele yao kilikuwa ukuta. Uwazi ulikuwa juu, upana wa meza, na kwenye uwazi huo kilichungulia kichwa cha mwanamume aliyelala kifudifudi kwenye sakafu ya ghorofa ya nne. Alikuwa na ovaroli la bluu na alama ya grisi shavuni. Akauliza nani anaanza.

"Anza na hili jora," alisema yule dada.

"Dada, watu huokoa watoto kwanza."

"Hili ndilo mtoto wa bosi wangu. Likichafuka, nitakayefuliwa ni mimi."

Hata mzee wa kikohozi alicheka. Fundi akalipokea jora kwa mikono miwili kama alivyoagizwa, akalilaza mahali pasafi, kisha akawavuta watu mmoja mmoja. Yule dada alitoka wa mwisho. Walipokuwa wamesimama kwenye ngazi, yule dada akijipangusa vumbi, fundi alimuuliza kama ni mgeni. Akaeleza kwamba anashona mapazia katika mji mdogo, safari ya nusu siku kwa basi, na kwamba bosi wake humtuma huku kila stoo inapokauka. Fundi akataka kujua ameona nini tangu aanze kuja.

"Kituo cha basi, jumba hili, na leo nimeona tumbo la lifti."

"Basi mjini hujafika. Umefika dukani."

Alisema hayo bila dharau, ndiyo maana hakukasirika. Akamwambia kwamba siku akipata likizo atakuja kuuona huo mji. Fundi akasema siku hiyo ampigie, maana yeye kazi yake ni kupanda, na anayeupanda mji anajua kila kitu kilipo. Wakapeana namba. Kwenye simu yake fundi aliandika Pazia, naye akaandikwa Fundi, na kuanzia hapo hayo ndiyo yakawa majina yao.

Pazia aliishi na mama yake katika nyumba ya vyumba viwili. Baba yake, mpaka rangi wa nyumba, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nyumba za watu wengi mtaani zilikuwa na rangi ya mkono wake, na kuna asubuhi ambazo kwenda kazini tu, kupita mbele ya kuta hizo, kulimchosha binti huyo kabla hajagusa cherehani. Brashi za baba zilikuwa bado kwenye kopo nyuma ya jiko. Hakuna aliyezitumia, wala hakuna aliyethubutu kuzitupa. Mzee alikuwa akimwahidi mkewe kila mwaka kwamba watakwenda kuuona mji mkubwa. Mwaka huu kuna kazi ya shule, mwakani. Mwaka huu mvua imeharibu paa, mwakani. Mwakani yenyewe ikaja bila yeye.

Kwa hiyo Fundi alipoanza kupiga simu jioni, Pazia akishafunika cherehani, mazungumzo yao yote yalikuwa juu ya likizo. Walipanga mji kama watu wanaopanga vyombo kabatini. Jumatatu, makumbusho. Pazia alitaka kujua huko kuna nini.

"Kuna mifupa ya nyangumi."

"Nisafiri nusu siku kuja kuangalia mifupa?"

"Mirefu kuliko nyumba yenu, Pazia wangu."

"Nyumba yetu umeiona wapi wewe?"

Jumanne, sinema ya mchana. Jumatano, kupanda jengo refu kuliko yote, ambalo lifti zake Fundi mwenyewe ndiye anayezitunza. Alhamisi, bustani ya wanyama. Ijumaa, treni ya mjini, kuanzia kituo cha kwanza hadi cha mwisho na kurudi, bila kushuka, kwa raha tu ya kukaa dirishani. Hili la treni lilikuwa wazo la Pazia. Fundi alilicheka wiki nzima, kisha akakiri kwamba naye hajawahi kufika kituo cha mwisho.

Mama, aliyekuwa akisikiliza kutoka chumba cha pili akijifanya anakunja nguo, siku moja alipaza sauti. "Huyo kijana mwambie mimi lifti sipandi."

Ndipo Pazia alipojua kwamba mama naye anakwenda. Fundi alipoambiwa alifurahi, akauliza watalala wapi. Pazia akasema popote, gesti yoyote ya karibu na kituo. Fundi akabadili mazungumzo.

Aliyabadili kwa sababu gesti za kituo alizijua. Kelele zake zingemfukuza mama wa watu usiku wa kwanza. Karibu na bustani aliishi dada mmoja mjane aliyekuwa akipangisha wageni chumba cha uani. Fundi akaelewana naye. Chumba kilikuwa kimechakaa, naye akawa anapita kila akitoka kazini, mara apake rangi, mara apigilie kitasa. Alitaka wafike ndipo waone. Siri hiyo alimwambia mtu mmoja tu, mwenzake wa kazi waliyemwita Spana, na huko ndiko kulikoharibika.

Siku moja Pazia alipiga simu mchana, jambo ambalo hakulizoea. Fundi alikuwa ndani ya shimo la lifti na simu aliiacha kwenye boksi la vifaa. Kioo chake kilikuwa kimepasuka upande wa juu, jina la mpigaji halikusomeka. Spana akapokea akiwa anatafuna. Sauti ya kike ikamuuliza Fundi yuko wapi.

"Fundi siku hizi humpati, dada," alisema Spana. "Amepanga na dada mmoja huku karibu na bustani. Akitoka kazini tu, yuko huko. Juzi kanunua mpaka mapazia."

Spana alimaanisha kwamba wameelewana. Pazia alisikia kwamba wanaishi chumba kimoja. Neno ni moja na lina milango miwili, naye aliingilia mlango wa pili, na huko ndani akakuta mapazia yaliyonunuliwa kwa mtu mwingine. Aliaga kwa adabu. Jioni akatuma ujumbe: Sitakuja. Usinipigie tena. Kisha akaizuia namba ya Fundi.

Fundi alipiga kwa simu ya Spana, akapiga kwa simu ya mlinzi. Kila aliposikika, simu ilikatwa. Alimuuliza Spana kama kuna mtu aliyempigia siku hiyo. Spana akasema kuna mwanamke mmoja, hakutaja jina, labda wa kampuni ya vipuri. Fundi hakujua amekosa nini, lakini likizo yake ilikuwa imeshakubaliwa kazini, na chumba cha uani kilikuwa kimeshapakwa rangi.

Kwa upande mwingine Pazia alimwambia mama yake kwamba safari imekufa. Mama alikuwa akipiga pasi. Hakuinua macho.

"Kwani tulikuwa tunakwenda kumwona yeye au kuuona mji?"

"Mama, yule mtu ana mke."

"Akae naye. Mimi nimeambiwa mwakani mpaka nikazeeka. Mwaka huu nakwenda."

Wakaenda. Walifika Jumapili, wakapata gesti ya karibu na kituo, wakalala huku muziki wa baa ukitikisa glasi mezani. Kwa kuwa Pazia aliogopa Fundi asije akawa anamtembeza huyo mwanamke wake kwenye mpango wao, aliugeuza. Jumatatu wakaanza na mambo ya Ijumaa.

Treni ilimfurahisha mama kuliko alivyotarajia. Alisifu nguo zilizoanikwa kwenye roshani, akalaumu madirisha yasiyo na mapazia, na walipofika kituo cha mwisho akakataa kushuka kama ilivyokuwa imekubaliwa. Jumanne, kwenye bustani ya wanyama, walisimama muda mrefu mbele ya twiga.

"Baba yako angemtoza huyu bei ya kupaka ghorofa," mama alisema.

Walicheka hadi watu wakawageukia. Kisha kicheko kikaisha, na wakaendelea kusimama pale kidogo, wameshikana mikono.

Fundi naye alikuwa kwenye likizo yake. Alijiambia kwamba msichana yule akibadili moyo atafuata mpango, kwa hiyo aufuate yeye. Jumatatu alikaa chini ya mifupa ya nyangumi mpaka mlinzi akamuuliza kama anaumwa. Jumanne alinunua tiketi mbili za sinema, na kiti cha pili kikakaliwa na koti lake.

Mtu akianzia mwisho na mwenzake akianzia mwanzo, Jumatano itawagonganisha tu. Pazia, ambaye kila siku hukunja kitambaa kutafuta katikati ya dirisha, hakuliona hilo mpaka alipoingia kwenye ukumbi wa jengo refu akiwa na gauni lake la kijani, akamkuta Fundi amesimama karibu na mlango wa lifti. Shati lake lilikuwa jeupe na lilipigwa pasi hadi mikononi. Alikuwa amekonda.

Mama alimtazama binti, akamtazama kijana.

"Ndiye?"

"Ndiye."

Mama akasogea mbele. Fundi alimwamkia shikamoo, akaitikiwa.

"Nasikia umepanga na mwanamke huko karibu na bustani."

Fundi akafumba macho. "Spana huyo. Nilimwambia asiseme."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli, mama. Tangu mwezi uliopita."

"Na unanijibu hivyo, mchana kweupe, bila haya?"

"Nilitaka mfike ndipo muone. Nimepaka rangi mwenyewe. Vitanda viwili, mama. Chako nimekiweka dirishani, nilisikia unapenda hewa."

Mama alikuwa ameshafungua mdomo kumjibu. "Changu?" aliuliza.

Pazia akasogea taratibu. "Umepanga," alisema, "au umepanga?"

Fundi alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa, na damu ikampanda usoni. "Nimepanga," alisema. "Sijapanga. Yule dada anapangisha wageni. Nilipanga naye nyinyi mlale pale."

Mama alijigeuza akajifanya anasoma tangazo ukutani, mabega yakitikisika kwa kicheko. Fundi hakucheka. Alisema amekaa siku nyingi akilichunguza kosa lake kama mtu anayetafuta waya uliokatika kwenye giza. Akamuuliza Pazia kwa nini hakumuuliza yeye, neno moja tu.

"Baba alipolazwa, nilipiga simu hospitali asubuhi kuuliza kama amelala vizuri," alisema Pazia. "Niliuliza swali dogo nikapewa jibu kubwa. Tangu siku hiyo naogopa kuuliza."

Watu walipita kati yao wakiwahi lifti. Fundi aliwangoja wapite.

"Mimi niulize," alisema. "Hata likiwa la kijinga. Jibu baya nikiwa nalo, tutakuwa wawili wa kulibeba."

Pazia alitikisa kichwa kukubali, na machozi aliyoyazuia tangu siku ile ya simu yakamtoka hapo ukumbini, mbele ya walinzi. Fundi alimpa leso. Ilikuwa na harufu ya sabuni na, kwa mbali, ya grisi.

Kuhusu lifti, mama alishikilia msimamo wake. Fundi alimweleza kwamba hii anaikagua mwenyewe. Mama akamjibu kwamba binti yake alishakwama kwenye lifti anazozijua yeye. Fundi akasema ile alikwenda kutoa watu tu, siye anayeitunza. Mwishowe mama aliingia akiwa amefumba macho, ameng'ang'ania mkono wa lile shati jeupe mpaka pasi yote ikaharibika.

Juu kulikuwa na upepo. Mji ulitandazwa chini mpaka ukafifia, mapaa, minara ya simu, reli waliyoipanda Jumatatu ikipinda kama uzi ulioangushwa. Mama alishika kizuizi, akatazama kwa muda mrefu. Midomo yake ilikuwa ikisogea. Pazia alisikia maneno mawili matatu ya mwisho, yalikuwa ya kumwelekeza mtu: pale, kushoto, palipo na miti.

Fundi na Pazia walijitenga hatua chache, wasimsumbue. Fundi alimkumbusha Pazia kwamba Jumamosi wanaondoka. Akasema siku zake za likizo hazitaisha Ijumaa, na kwamba naye angependa kusafiri, aone mji ambao hajauona.

"Kwetu hakuna cha kuona," Pazia alisema.

"Wewe ulizunguka na treni hadi mwisho kuangalia nguo za watu. Nipangie tu."

Pazia akafikiri. Aliutazama mji ule mkubwa akiutafuta ule mdogo wa kwao. "Kuna nyumba ambazo baba alizipaka rangi. Mtaa mzima. Nitakuonyesha moja baada ya nyingine. Lakini kwanza nitakupeleka kwake. Majani yatakuwa yameota, utanisaidia kuyang'oa."

"Nitakwenda. Nikifika nimwambie nini?"

Mama hakugeuka. Upepo ulileta sauti yake vizuri.

"Mwambie umekuja kumuoa binti yake. Alichukia sana watu wa mwakani, isipokuwa yeye mwenyewe."

Fundi alimgeukia Pazia, uso wote ukiwa swali. Naye Pazia, kwa mara ya kwanza tangu baba afariki, alimsubiri aliulize.