Mgeni Asiyeagwa

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni Riyama binti Makungu, mwaka 2022, nyumbani kwao Mkunazini, siku ilipomalizika hitima ya mama yake. Aliisimulia kwa hasira, na haifai kuisimulia kwa namna nyengine.

Ilianza Jumatatu, adhuhuri. Bi Mwanakheir alikuwa jikoni akikuna nazi. Riyama, aliyekuwa akichambua mchele, alisikia harufu ya marashi ya waridi, akainua kichwa. Mama yake alikuwa ameacha kukuna. Mgongo ulikuwa umenyooka.

"Naam," alisema Bi Mwanakheir, kwa sauti nzito ya kiume.

Hakuna aliyemwita.

Sauti ile Riyama aliijua. Mama yake alikuwa kiti cha ruhani, jini ampandaye mtu akasema kwa kinywa chake, kama bibi yake kabla yake, na nyumbani ruhani huyo akiitwa Mgeni tu. Lakini siku ya Mgeni ilikuwa Alkhamisi, na akija kwa adabu. Alitandikiwa mkeka safi, akafukiziwa udi, akapanda, akasalimiwa na kuulizwa haja yake. Kisha aliagwa kwa maneno maalumu, ndipo akashuka na kumwachia mama kichwa chake. Ruhani hapandishwi akaachwa bila ya kuagwa. Katika nyumba ile hata watoto walilijua hilo.

"Mama, nani kakuita?"

Bi Mwanakheir alipepesa macho. "Kaniita nani? Mbona jasho linanitoka hivi, mwanangu?" Hajamaliza kujifuta, mgongo ukanyooka tena. "Naam."

Safari hii Riyama alisikia kitu kingine. Chini, kupita kwenye sakafu na boriti zake, ulitoka mguno mrefu, ukakatika, ukaanza upya.

Chumba cha chini kilikuwa cha Tahir, mdogo wake, aliyekitia magodoro ukutani akawa anarekodi humo sauti za Kiswahili za katuni za kigeni. Kazi aliyokuwa nayo ilikuwa katuni ya kutisha iliyotokana na mchezo wa kompyuta. Ilimhusu bwana wa kasri aliyekufa zamani, anayefufuka jenezani na kunyonya damu ya kijiji kizima. Riyama alipofungua mlango, jeneza lilikuwa linafunguka kwenye kioo cha kompyuta. Yule bwana alifumbua mdomo, na ndani ya mdomo ule ukatoka mguno wa mama yao anapopandwa na Mgeni. Tahir akairudisha nyuma, akaipiga tena, ili midomo na sauti zilingane.

"Sauti ya nani hiyo?"

"Ya Bwana wa Kasri. Nzuri, eh?"

"Nnakuuliza ya nani, Tahir."

"Ya Mama." Hakugeuka. "Niliificha simu chini ya mto Alkhamisi ile. Dada, nshajaribu watu wangapi humu, wote wanaguna kama wanaumwa matumbo! Hii wenye katuni wameisikia wakasisimka."

"Na maneno ya kumuaga yako wapi?"

"Nimeyakata. Ya nini? Jini wa katuni haagwi, dada. Hupigwa kigingi cha moyo."

Juu, mbuzi ya kukunia nazi ilianguka kwa kishindo.

"Kila ukibonyeza hapo unampandisha," alisema Riyama, na sauti yake ilikuwa ndogo kwa ghadhabu. "Unampandisha, humshushi. Umemkalisha juu ya kichwa cha mama yako kutwa nzima, wewe unalinganisha midomo!"

Alasiri aliletwa Bi Wanu, fundi wa majini kutoka Tumbatu. Alimlaza Bi Mwanakheir mkekani na kutia udi chetezoni. Mgeni hakungoja salamu.

"Naitwa, sikaribishwi. Nshafika, naitwa tena. Mimi mbwa?"

"Hasha, Bwana," alinong'ona Bi Wanu. "Aliyekuita yupo. Atakuaga kwa kinywa chake."

Tahir alishika chetezo, akayasema maneno ya kuaga, moja moja, kama anavyofundishwa mtoto.

"Na sauti yangu?" aliuliza Mgeni.

"Nshaifuta."

"Apa."

"Wallahi nshaifuta. Kama naongopa, nikae mimi mahali pa mama."

Mgeni akacheka kidogo, akashuka.

Tahir alikuwa amefuta iliyokuwemo katika kompyuta yake. Iliyokwisha kupelekwa kwa wenye katuni hakuomba irudishwe. "Msinambie kasahau," alisema Riyama. "Kawaonea haya wageni, hakumwonea haya mama yake."

Katuni ilianza kuoneshwa Jumamosi moja, mchana. Riyama alikuwa akimsuka mama yake dirishani. Waridi lilinukia, mguno ukatoka nyumba ya pili, na Bi Mwanakheir akasema, "Naam." Kabla hajavuta pumzi ukatoka nyumba ya mkabala, kisha kwenye simu za watoto barazani, kisha darini, kila mtu akiianza kwa wakati wake na wengine wakiirudisha kwa kupendezwa nayo, na kila mara mgongo ule wa kizee ukanyooka mpaka mifupa ikalia, naam, naam, naam, na Bi Wanu kwenye simu akiyasema maneno ya kuaga asiweze kuyafikisha mwisho kabla dirisha jengine halijaita, na kule chini Tahir akikimbia kichochoroni akigonga milango kwa ngumi, "Zimeni! Nakuombeni, zimeni!" na watoto wakimcheka na kuongeza sauti.

Bi Mwanakheir alikata roho kabla ya magharibi, mdomo ukiwa wazi kujibu.

Tahir aliingia anahema, akapiga magoti mlangoni. Harufu ya waridi iliondoka juu ya maiti, ikapita mbele ya uso wa Riyama, ikatua.

Bi Wanu yuhai, lakini kazi ile ameiacha. Riyama yuhai, na aingiaye kwake huacha simu nje. Tahir naye yuhai. Yumo chumba cha juu, mahali pa mama yake. Katuni ile inaangaliwa mpaka leo, na kila jeneza linapofunguka, popote pale, yeye hunyoosha mgongo akajibu:

"Naam."